Leso Juu ya Kinanda cha Hazel

Berchem-Sainte-Agathe, 14 Septemba 2025

Kwako Baba Naïma,

Salamu nitazitia mwishoni zikibaki, maana leo nina mashtaka kwanza.

Nimefungua kabati kutafuta leso yangu ya posa, ile doti uliyonitumia kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma mwaka 1998. Nimekuta kipande kimoja. Wewe unajua kuwa vipande viwili vya doti huvaliwa pamoja, kimoja kiunoni na kimoja mabegani, na kwamba kimoja peke yake ni kitambaa cha kufutia meza. Nimemuuliza binti yako, akanijibu bila kuinua macho kwenye simu, "Mama, Papa alikitia mu sanduku ya vifaa." Yaani pamoja na bisibisi na nyaya. Nataka kujua leso yangu ya posa inafanya nini Uingereza.

Na usinipigie simu kunijibu. Kwenye simu unasema "ndiyo, ndiyo" huku mkono umeshika chuma cha kulehemu, nami nasikia wazi kuwa hunisikii. Ulipokuwa kambini na mimi niko Buyenzi, kwetu Bujumbura, tulichumbiana kwa karatasi zilizoletwa na wasafiri, na wakati ule ndipo uliponijibu kila nilichokuuliza. Kwa hiyo sharti langu ni lile nililokupa mlangoni: barua, kwa mkono wako, mpaka urudi.

Mpaka leo siamini kama kweli umeenda. Mwezi wa tatu ulikuwa fundi wa Chaussée d'Ixelles, unafungua simu za watu na spika za kanisa la Wakongo. Bendi ya wazee wa Kiingereza ikaja kupiga hapa Brussels, kinanda chao kikakata roho mchana, mtu wa ukumbi akakimbia hadi Porte de Namur kuuliza fundi, akaonyeshwa wewe. Ukakifufua kwa nusu saa. Kumbe nusu saa hiyo ingekula miezi yangu mitatu.

Harusi ya Naïma na Hamza haijabadilika: Jumamosi tarehe 29 Novemba. Asubuhi komini kwa ndoa ya serikali, mchana nikahi, jioni ukumbini. Walii wa binti ni baba yake, na baba yake ni wewe. Nimekuandikia ili usije ukasema hukuambiwa.

Salamu hazikubaki.

Rukiya


Sheffield, 23 Septemba 2025

Mama Naïma,

Wa alaykum salaam, hata kama hukunisalimu.

Leso ninayo, ipo salama. Nimeitandika juu ya kinanda kikubwa cha Hazel. Kinanda hicho kilitengenezwa mwaka 1979, na vumbi likiingia chini ya vitufe kinaanza kulia hovyo. Watu wa hapa walikuwa wanakifunika kwa nailoni, na nailoni inazaa umeme mdogo mdogo unaoua vipuri vya zamani. Pamba iliyofuliwa miaka ishirini na saba haina matata hayo. Kwa hiyo sikuchukua leso yako, nilichukua pamba bora kuliko zote nyumbani kwetu.

Uliniuliza mlangoni hawa watu ni akina nani, nikakujibu vibaya kwa sababu ya haraka. Bendi inaitwa Winter Lodgers, yaani wapangaji wa majira ya baridi, jina ambalo lingetufaa zaidi sisi. Ilianzia mji huu mwaka 1981, mtu na mkewe: Graham anaimba, Hazel anapiga vinanda. Hawakuwa na gitaa wala ngoma, kila sauti ilitoka kwenye umeme, na wenyeji waliwacheka kwamba muziki wao ni wa friji. Mwaka 1984 wimbo wao mmoja ukaingia kila nyumba. Hata kwetu Bujumbura ulipigwa, mimi nilikuwa mtoto na ndio ulionifanya nifungue redio ya mzee wangu nione aliyekuwa anaimba humo ndani. Nilichapwa. Leo nimeshika kwa mikono yangu kinanda kilichoniponza.

Baada ya wimbo ule walitoa sahani nne za santuri, wakaenda hadi Japani, halafu mwaka 1990 wakaachana, ndoa na bendi siku moja. Graham alijaribu peke yake, hakufika mbali, na sasa ni marehemu. Hazel alifundisha watoto piano miaka ishirini na mitano. Ni vijana wa siku hizi waliozichimbua sahani za zamani, wakamtafuta. Leo Hazel ana miaka sitini na sita na anasimama mbele, pale alipokuwa anasimama mume, naye ndiye anayeimba. Ungemsikia Hazel, Mama Naïma. Ukumbi mzima unanyamaza. Watu wazima wenye mvi wanalia bila haya, na Hazel hapigi kelele hata kidogo, anaimba kana kwamba anaongea na mtu mmoja. Jana nilikuwa nyuma ya pazia na bisibisi mkononi, nikasahau nilikuwa nataka kukaza nini.

Naïma hajambo?

Shafii


Berchem-Sainte-Agathe, 4 Oktoba 2025

Baba Naïma,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza kama mkeo, ya pili kwa kalamu nyekundu. Jina la Hazel limo mara sita. La Naïma, anayeolewa, mara moja, chini kabisa, na kiulizo mwishoni kama mtu anayeulizia hali ya hewa. Langu halimo. Mimi ni "Mama Naïma", sawa, ndivyo ulivyoniita tangu alipozaliwa na sijawahi kulalamika, lakini huyo mwingine kumbe ana jina.

Usinijibu kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Najua. Nimekonda kilo tatu na gauni la harusi limenikaa vizuri.

Nilipoondoka kwetu niliambiwa mwanamume akioa mke wa pili lazima agawe zamu kwa haki. Basi na tugawe. Wewe unalala kwenye basi la Hazel, unakula na Hazel, unamsikiliza Hazel mpaka unasahau bisibisi. Zamu yangu ni lini? Tangu tufunge ndoa hujawahi kusahau kitu chochote mkononi kwa sababu yangu.

Kazini kwangu, kwa wazee ninaowahudumia, mambo ni yale yale. Kuna bibi mmoja Mflandri, kiziwi kabisa, ndiye ninayemwogesha wa kwanza kila asubuhi. Siku hizi nikimaliza kumchana nywele nakaa naye kidogo. Ni mtu mwema, hasemi neno.

Dada wa Hamza ameuliza nani ataimba ukumbini. Nimesema tutaona. Leso yangu irudi kwa posta.

Rukiya


Glasgow, 14 Oktoba 2025

Rukiya,

Haya, jina lako hilo hapo, la kwanza kabisa.

Leso nikiituma kwa posta itapotea, nitakuja nayo mwenyewe. Na mke wa pili sina. Nina vinanda sita vya uzee na mgongo unaouma.

Nataka nikusimulie jambo, kwa sababu limeninyima raha siku mbili. Hazel alinipa kasha la tepu za zamani nizisafishe. Kwenye tepu hizo kila sauti imerekodiwa kwenye mstari wake, unaweza kuinua mmoja na kushusha mwingine. Nikauinua mstari ulioandikwa herufi H, nikidhani ni kinanda. Ilikuwa sauti ya Hazel. Anaimba. Anaimba kila wimbo tangu mwanzo hadi mwisho, kwenye tepu zote. Nikaenda kuzilinganisha na sahani zilizouzwa madukani: kwenye ya kwanza unamsikia vizuri, kwenye ya pili kwa mbali, kwenye ya tatu na ya nne hayupo.

Nikamuuliza. Akasema baada ya sahani ya kwanza gazeti moja liliandika kwamba sauti ya mke ni bora kuliko ya mume. Tangu siku hiyo Graham alikuwa anakaa mwenyewe kwenye mitambo na kuivuta sauti ya mkewe chini. Hakuifuta, yote ipo. Aliishusha tu. Akamwambia ni kwa ajili ya ndoa yao.

Nimekasirika, Rukiya, na mtu mwenyewe yuko kaburini. Ni mwanamume wa aina gani anayemnyamazisha mkewe kwa sababu watu wamempenda? Na alimwoa kwa sauti hiyo hiyo, Hazel anasema walikutana kwenye kwaya. Nikimfikiria nataka kumtikisa mabega.

Sasa jambo la pili, na nakuomba ulisome polepole. Tiketi zimekwisha na wameongeza onyesho moja la mwisho, Manchester. Litapigwa picha za filamu. Mimi ndiye pekee ninayejua tabia ya kinanda kile kikubwa. Tarehe waliyopata ni 29 Novemba. Nimefikiri sana. Sheria inaruhusu walii kuweka wakili, na ndugu yangu Sudi yupo hapo Molenbeek, ni mtu wa dini kuliko mimi. Wewe mwenyewe nilikuoa kwa wakili nikiwa mbali, na ndoa imeshika. Nitafika Jumapili asubuhi, tutakula pamoja.

Shafii


Berchem-Sainte-Agathe, 24 Oktoba 2025

Baba Naïma,

Barua yako ilifika Jumatatu. Nimesubiri hadi Ijumaa ili nisikuandikie matusi.

Kwanza nikwambie ya Jumatano. Nilikuwa Matonge, kwa maman Rolande, ananisuka. Akaacha kichwa changu nusu, akachukua simu yake, akanisogezea usoni. "Maman Naïma, angaliya. Huyu haiko bwana yako, kule nyuma, na ile valise ya vifaa? Bon. Na ile leso ku mabega ya ule mamie ya Bangereza, njo ile ulivalaka ku ndoa ya Bertin, ama nasema bongo, nadanganya?" Saluni nzima ikasogea kutazama. Nikasema ni leso nyingine. Rolande akaipanua picha kwa vidole viwili, na maandishi yakasomeka mpaka na anayefagia: WAWILI WAKIPENDANA ADUI HANA NAFASI. "Alors mi siseme kintu," akasema, na akasema kwa saa nzima.

Juu ya mabega, Shafii. Si juu ya kinanda. Wewe si Mwingereza, wewe umezaliwa Buyenzi, unajua mwanamume anapomvika mwanamke leso amesema nini. Hata mtoto anajua.

Najua utanijibu kwamba ukumbi ulikuwa baridi. Najua pia ni kweli, nakufahamu. Ungemvika hata mbwa kama anatetemeka. Hilo silo linaloniuma. Wala simwonei wivu kwa ajili yako. Nilidhani ndivyo, nikajitukana wiki tatu, mwanamke mzima namwonea wivu bibi wa miaka sitini na sita. Halafu barua yako ya Glasgow ikanionyesha kinachoniuma.

Nyani haoni kundule. Umeuliza ni mwanamume wa aina gani. Nimefungua lile boksi la viatu ambamo barua zako za kambini zimelala, nikamkuta. Nakunakilia alivyoandika, neno kwa neno. Ya asili nabaki nayo, kwa sababu naona vitu vyangu vikifika kwako havirudi.

"Kambini, Kigoma, 6 Mei 1998. Kwako Rukiya. Msafiri amenieleza kwamba Ijumaa iliyopita uliimba kwenye harusi, na wanaume walisimama foleni kukutunza, na jina lako liko mdomoni mwa kila mtu Buyenzi. Mimi nilikupenda siku nilipokusikia ukiimba, ndiyo maana najua yanayompata mwanamume akikusikia. Huku nilipo sina kitu, sina hata mlango wa kufunga. Sitaki sauti ya mke wangu iwe mali ya kila mwenye masikio. Ukikubali kuolewa nami na usiimbe tena mbele za watu, vaa leso hii. Ukikataa, mrudishie aliyeileta. Shafii."

Niliivaa. Nilikuwa na miaka ishirini, na uliandika kwamba huna mlango wa kufunga, nikakuhurumia. Niliiacha bendi ya Mwalimu Constant siku ile ile. Hapa Ubelgiji nimeimba jikoni tu, feni ikiwa imewashwa, na wewe hukuwahi kuniuliza kwa nini nawasha feni wakati sipiki.

Sasa ile leso niliyovaa ili ninyamaze, umemvika mwanamke anayeimba mbele ya watu elfu tatu, ukasimama nyuma yake umesahau bisibisi. Yeye umemsikitikia kwa miaka mitano aliyonyamazishwa. Mimi nina ishirini na saba. Nimemwonea wivu wa hicho, na sioni haya kukuandikia.

Na kuhusu wakili: nikahi yangu ulituma wakili. Sasa na ya mwanao. Mimi nilikubali kwa sababu kulikuwa na vita. Manchester kuna vita gani?

Rukiya


(Kadi ya posta, picha ya daraja)

Newcastle, 3 Novemba 2025

Rukiya, nimeipata. Nimeisoma ndani ya basi, nikashuka kituo kisicho changu. Nipe siku chache.

Sh.


Berchem-Sainte-Agathe, 12 Novemba 2025

Baba Naïma,

Siku chache nimekupa, zimekuwa nyingi. Miye sikai kuzihesabu, harusi haingoji.

Dada wa Hamza aliporudi kuuliza nani ataimba, nikamjibu mimi. Akacheka, akadhani ni utani. Naïma naye akacheka, kisha akanitazama akaacha. "Mama, unajuaka kuimba?" Miaka ishirini na minne nimemlea, na ndilo swali aliloniuliza. Usiku mmoja kabla ya kulala nililia kwa ajili ya swali hilo tu, si kwa ajili yako.

Nitaimba ukumbini jioni, wanaume na wanawake wote wakiwepo. Nafanya mazoezi na Josias kila Jumatano na Jumamosi mchana, kwenye chumba cha parokia yao pale karibu na kituo cha tramu. Ni Mkongo, Mukatanga, anapiga kinanda kanisani, na mkono wake ni mwepesi ajabu. Siku ya kwanza sauti ilinikwama. Josias akasimamisha muziki, akasema, "Maman, tunarudia tu. Njo kazi, hakuna haraka." Tukarudia mara tisa. Ya kumi ikatoka. Josias akaondoa mikono kwenye kinanda, akasahau kuendelea kupiga. Nakuandikia hilo makusudi.

Na nikuungamie. Yule bibi kiziwi niliyekutajia, nimekuwa nikimwimbia kila asubuhi kwa miaka minne. Nilijiambia asiyesikia si mtu mbele yake, kwa hiyo sijavunja neno langu. Wiki jana mtoto wake wa kike alikuja mapema, akanikuta. Akaniambia mama yake huweka kiganja kwenye ukuta ninapoimba, na kwamba siku zangu za mapumziko hugoma kuchanwa nywele.

Sudi amekubali kuwa wakili wako. Amenunua viatu.

Rukiya


Leeds, 20 Novemba 2025

Rukiya,

Nimeanza barua hii mara nne. Mstari wa kwanza katika zote nne ulikuwa: "Josias ni nani?" Nimeukata hapa pia, lakini ukiinua karatasi kwenye mwanga utauona chini ya wino, basi bora nikwambie mwenyewe. Niliandika hilo kabla ya kuuliza habari za binti yangu. Nina miaka hamsini, nina nakala ya barua yangu ya aibu mfukoni, na bado kitu cha kwanza kilichonipanda kichwani ni mikono ya mtu huyo kwenye kinanda.

Ile barua ya kambini sikuwa nimeisahau kama unavyodhani. Nilikumbuka leso, nikakumbuka kwamba ulikubali. Masharti yenyewe nilikuwa nimeyaacha yakafifia. Nilipokuona kimya ndani ya nyumba nilijidanganya kwamba umeacha kupenda kuimba, kama mtu anavyoacha kupenda sukari. Feni niliisikia. Mara mbili tatu nilisimama nje ya mlango wa jikoni nikisikiliza, na nikajua nikiingia utaacha. Nilifurahi, Rukiya. Hilo ndilo baya kuliko yote ninayoweza kukuandikia. Nilifurahi kuwa ni mimi peke yangu ninayekusikia, na nikajifanya sisikii ili iendelee hivyo.

Kwenye mazoezi ya Newcastle niliunganisha nyaya vibaya mara mbili, Hazel akaniuliza kulikoni. Nikamtafsiria barua, ya kwangu, yote. Hakunisema vibaya. Aliuliza tu, "Na uliweka mpaka lini?" Nikamwambia sikuweka tarehe. Haikunijia akilini kwamba jambo kama hilo lina mwisho. Akauliza kama kitambaa chenyewe ndicho kile. Nikasema ndicho. Alikuwa amekivaa. Akakivua, akakikunja mara nne, akaniwekea mikononi, na tangu siku hiyo anaimba na sweta lake hata kukiwa na baridi. Kinanda tumekifunika kwa shuka ya hoteli.

Sitaenda Manchester. Nimemfundisha kijana wao tabia za kinanda kile, nimemwandikia kurasa sita. Watu wa filamu wamekasirika, meneja amesema hataniita tena, na nadhani anasema kweli. Imeniuma, sitakudanganya. Nilikuwa na furaha huku ambayo sikuwahi kuwa nayo Chaussée d'Ixelles. Lakini nimeona kwamba wewe furaha ya namna hii ulikuwa nayo ukiwa na miaka ishirini, na niliyekunyang'anya namjua.

Nafika Ijumaa tarehe 28 na treni ya mchana kutoka London. Mwambie Sudi abaki na viatu, avae kama mgeni. Nikahi nitaisimamia mimi.

Nina ombi moja. Siombi uniambie Josias ni nani. Naomba nafasi ya kukaa ukumbini nikusikilize, popote utakaponiweka.

Shafii


Nyumbani, 28 Novemba 2025

(Juu ya meza ya jikoni, chini ya kopo la chumvi)

Shafii,

Ukisoma hii utakuwa umefika na umeshakuta nyumba tupu. Usiogope. Naïma yuko kwa Rolande na hina mikononi, hawezi kupokea simu. Mimi niko ukumbini na Josias, mazoezi ya mwisho. Chakula kiko ndani ya oveni.

Niliuinua ule ukurasa kwenye mwanga. Swali lako lipo chini ya wino, kweli. Josias ni nani utamwona kesho. Lala nalo leo, mimi nililala na Hazel miezi mitatu.

Ile ya kusimama nje ya mlango wa jikoni nimeisoma nikiwa kwenye tramu, na nikashuka kituo kisicho changu, kwa hiyo tumelipana. Sijakusamehe hiyo. Labda nitakusamehe, sijui ni lini. Sikuweka tarehe.

Ukitazama karibu na mkate utaona kipande changu cha leso, kimefuliwa na kupigwa pasi. Wewe unacho cha pili. Uliandika kwamba nikikataa niirudishe kwa aliyeileta. Yule msafiri simjui alipo, kwa hiyo nakurudishia wewe mwenyewe. Usiielewe vibaya: mume nimebaki naye, nilichorudisha ni lile sharti. Kesho nitavaa gauni la kijani nililonunua kwa jasho langu, ambalo halikuandikwa neno lolote.

Nafasi umeomba, nimekupa. Iko nyuma kabisa ya ukumbi, kwenye mitambo ya sauti, kwa sababu kijana aliyekuja kuijaribu leo hajui afanyacho. Vumbi la pale ni baya, ifunike kwa leso zote mbili, ni pamba nzuri. Mstari wangu ni wa tatu kutoka kushoto, nimeubandika karatasi yenye herufi R. Nikianza, usiuguse isipokuwa kuuinua. Wanaume watasimama kunitunza, na wewe utakuwa umekaa pale, utawaona wote, na mkono wako utakuwa juu ya kile kitufe cha R tangu mwanzo hadi mwisho.

Salamu nilizokuwekea tangu Septemba zimebaki, kumbe. Assalaam alaykum, karibu nyumbani. Usisahau kuzima oveni.

Rukiya